Tofi Zilizofungwa kwa Waya

Saa sita mchana ilikuwa bado haijafika na Fundi Cheche alikuwa ameshaifuta meza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa chafu kweli. Mara ya pili ni kwa sababu manyunyu yalimzuia kutoka tena. Mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote. Nyumba ya binti yake ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko dogo, na kutoka dirisha la sebuleni hadi mlango wa jikoni zilikuwa hatua kumi na moja. Alizijua kwa sababu alizitembea kutwa, huku na huko, mikono nyuma, kama mtu anayengoja jina lake liitwe na haliitwi.

Jina la Cheche alilipata karakanani, alikochomelea vyuma miaka thelathini na moja. Walikuwa wakitengeneza matela ya malori. Majira ya baridi yalipofika, chuma cha asubuhi kiliuma mikono kama kina meno, na mafundi walianza kazi kwa kupuliza vidole. Hapo ndipo alipojifunza kupika tofi. Alimimina sukari kwenye upawa wa chuma, akaiweka juu ya moto wa gesi, akaingojea kama anavyongoja chuma kiive: kwanza manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia ya chai, na kabla haijafika rangi ya kutu akaitoa, akatia tangawizi iliyopondwa, akaimwaga juu ya bati lililopakwa mafuta. Waliikata kwa mkasi wa mabati. Nyapara wao, mtu mkali aliyekataza hata kuimba kazini, alikuwa akipita, anachukua kipande, anakitia shavuni na kuendelea na safari yake bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Alipostaafu na kuhamia kwa binti yake, aliendelea kupika, safari hii kwa sufuria, maziwa na siagi. Kila baridi ilipoingia alifunga tofi zake kwenye karatasi ya kahawia, akaibana shingo ya karatasi kwa uzi mwembamba wa waya wa shaba aliousokota kwa koleo, akagawa. Watu wake walizijua tofi hizo kwa ule waya kabla hawajazijua kwa ladha.

Kuna jambo moja tu alilokuwa amelificha. Kwa mwaka mzima sasa macho yake yalikuwa yakiingia ukungu, kama kioo cha bafuni. Sukari ikibadilika rangi haoni. Anasikiliza tu mapovu yanavyozidi kuwa mazito, anadondosha tone kwenye maji baridi na kulibonyeza kwa vidole. Gazeti analifungua, lakini habari anakuwa ameshazisikia redioni. Binti yake akimpa barua asome, anasema, "Nisomee wewe mama, miwani sijui nimeitupa wapi." Na binti alikuwa amewahi kusema waziwazi, siku moja Fundi alipounguza kitambaa: "Baba, siku nikijua huoni vizuri, hilo jiko hutaligusa tena. Nafanya kazi mbali. Siwezi kukaa ofisini roho juu." Tangu hapo Fundi akawa mwangalifu kama mwizi. Wangemwondolea jiko, angebaki na hatua kumi na moja.

Ilipofika saa nane, kwa kutafuta tu cha kushika, alianza kupanga rafu ya jikoni. Palikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyofanana, yasiyo na karatasi ya jina. Moja alilitilia sukari aliyoitwanga mpaka ikawa laini kama vumbi, ya kunyunyizia tofi zisigandane. La pili lilikuwa na unga mweupe wa kuchomelea shaba, wenye sumu, ambao wiki iliyopita aliuteremsha kutoka sanduku lake la vifaa ili aunge mpini wa sufuria ya binti. Alikuwa na nia ya kuurudisha. Kila siku alikuwa na nia hiyo.

Alinyanyua kopo la sukari. Lilikuwa zito.

Akalinyanyua la pili. Lilikuwa jepesi.

Akasimama pale pale, kopo moja kila mkono, kama mizani. Sukari ilipaswa kuwa imepungua. Jana jioni alinyunyizia sahani ya kwanza. Leo alfajiri, kabla binti hajaamka, alinyunyizia ya pili, kwa sababu unyevu wa baridi ulikuwa umezifanya tofi zitoe jasho. Alichovya kidole kwenye kopo zito, akalamba: sukari. Akachovya kwenye jepesi: ladha ya sabuni, na ulimi ukakauka.

"Ewe Mola," alisema kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Vifurushi vilikuwa vinne, na vyote vilishatoka. Kimoja alikitundika kwenye komeo la mlango wa jirani wa juu, mama mwenye watoto wawili. Kimoja kwa mshona viatu wa pale kona. Kimoja kwa Nyapara mwenyewe, ambaye sasa ni mzee wa kikohozi na blanketi. Cha nne binti alikitia mkobani. Leo ofisini kwao kulikuwa na chai ya saa kumi ya kumuaga mwenzao. "Nitawaonjesha za babangu," alisema akitoka, na Fundi aliposikia hivyo alivimba kichwa.

Ni kipi kilifungwa kutoka sahani ya kwanza, na kipi kutoka ya pili? Hakukumbuka. Alizifunga huku akisikiliza redio. Aliishika simu, kidole kikaenda kwenye kitufe cha binti, kikatulia hapo. Akisema, amejifichua. Akaamua kwanza aviokote kimoja kimoja, alambe, ajue. Huenda yote yakaisha bila mtu kujua. Alivaa koti kinyume, akalivua, akalivaa tena, akatoka.

Kwa jirani wa juu alikuta kifurushi kingali kinaning'inia. Mama na wanawe walikuwa hawajarudi. Alikitoa waya, akachukua kipande, akakilamba haraka. Tamu. Akachukua cha chini kabisa, akakilamba. Tamu. Akabaki na vipande viwili vilivyolambwa mkononi, hajui avipeleke wapi, mwisho akavitia mfukoni na kukifunga kifurushi upya. Ngazi alizishuka kwa kushika ukuta.

Mshona viatu alikuwa amekaa chini ya bati lake, kiatu katikati ya magoti, shavu limevimba kwa tofi.

"Tema!" Fundi alimwambia hata kabla ya salamu.

"Nini?"

"Hiyo tofi. Itoe mdomoni."

"Umenipa asubuhi, mchana unaidai? Wewe Cheche, ndoa ngapi zimevunjika kwa tabia kama hiyo?"

"Nimesahau kitu ndani yake. Nipe nione."

"Uone nini, kinywa changu?" Lakini alikuwa ameshamnyooshea kifurushi. Fundi alichukua kipande, akalamba. Akachukua kingine. Mshona viatu alimtazama kwa mshangao, sindano imesimama hewani. "Basi endelea, vilambe vyote, halafu unirudishie. Mimi ni nani nikatae?"

"Ni tamu," Fundi alisema.

"Hilo ningekwambia mimi, bure, bila wewe kulowa."

"Kula tu. Kula." Fundi alikuwa ameshaanza kuondoka, akakanyaga ukingo wa ndoo ya maji, ikamwagika, akaomba radhi kwa upande ambao mshona viatu hakuwapo. Nyuma yake ile sauti ikamfuata, haina mzaha tena: "Fundi. Uko sawa?"

Hakugeuka. Vimebaki viwili.

Kwenda kwa Nyapara ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiye na haraka. Fundi alikuwa na haraka, na ndiyo maana alichukua muda mrefu zaidi: alijikwaa, alipishana na baiskeli aliyoisikia tu, alisimama kwenye kivuko akingoja watu wengine wavuke ili avuke nao. Baridi ilikuwa imemwingia kwenye magoti. Njia nzima alikuwa akitunga maneno. Nimesahau tangawizi. Nimezidisha siagi. Kila uongo alioutunga ulionekana mzuri kwa hatua tatu, ya nne ukaoza.

Mke wa Nyapara ndiye aliyemfungulia. "Karibu shemeji. Mara mbili kwa siku moja! Tutakuhesabu mpangaji."

Nyapara alikuwa kitini karibu na dirisha, blanketi hadi kidevuni. Kifurushi kilikuwa kwenye meza ndogo, waya umefunguliwa, umewekwa pembeni kwa adabu kama pete.

"Umeshaonja, mkuu?" Fundi aliuliza.

"Nimeonja. Tamu kama siku zote."

Fundi alishusha pumzi. Lakini mkono wake ulishazoea kazi ya siku hiyo. Ulikwenda wenyewe hadi mezani, ukachukua kipande, ukakipeleka ulimini.

Sabuni.

Alikitema kiganjani. Mke wa Nyapara alitazama sakafu. Kisha Nyapara akatoa mkono chini ya blanketi. Mkono ulikuwa na leso, na ndani ya leso kulikuwa na kipande cha tofi chenye alama ya meno, hakijamezwa.

"Mke wangu hapendi vitamu, kwa hiyo hakugusa," alisema. "Mimi nilikiuma nikakitema. Ladha ya huo unga naijua kuliko ya ugali. Miaka yote hiyo nilikuwa navuta moshi wake."

"Kwa nini umeniambia ni tamu?"

Nyapara alikohoa, akangoja kikohozi kimwache. "Hilo ndilo ninalojiuliza tangu asubuhi. Nilikusimamia miaka mingi, Cheche. Mshono ukiwa mbovu nilikuwa nakwambia kabla chuma hakijapoa, tena mbele ya watu. Ulinichukia, lakini hakuna tela lako lililokatika barabarani. Leo umeniletea sumu kwa mkono wako, nami nasema tamu. Nimekuwa mzee mwenye heshima. Heshima ya kijinga."

"Makopo yanafanana," Fundi alisema.

"Makopo yalikuwa yanafanana hata karakanani. Ulikuwa unayaona." Akamtazama, Fundi aliuhisi mtazamo huo ingawa uso wa Nyapara kwake ulikuwa doa tu la kahawia kwenye mwanga wa dirisha. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Baada ya mvua."

"Binti anajua?"

"Akijua ataninyang'anya jiko."

"Na hiki hapa ni cha ngapi?"

"Cha tatu. Cha nne anacho yeye, ofisini. Wanakula saa kumi."

Mke wa Nyapara aliangalia saa ya ukutani. "Shemeji, saa tisa na dakika ishirini hizi."

Fundi alitoa simu. Safari hii kidole hakikusita. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Binti alikuwa na desturi ya kuizima sauti akiwa kazini. Nyapara alijaribu kusimama ili atoke naye, blanketi likaanguka, kikohozi kikamrudisha kitini. "Nenda," alisema kati ya vikohozi. "Nenda, mtu wangu. Na ukifika usianze kutunga. Nakujua unatunga."

Kutoka hapo mpaka ofisi ya upimaji ardhi, alikofanya kazi binti, Fundi alikwenda nusu kwa kutembea na nusu kwa kukimbia, jambo ambalo mwili wake ulikuwa umelisahau. Aliuliza njia kwa watu wanne ingawa aliijua, kwa sababu mitaa ilikuwa imepoteza kingo zake na kila jengo lilifanana na lingine. Na hata hivyo, hata baada ya maneno ya Nyapara, akili yake iliendelea kutunga. Angeingia akitabasamu. Angesema alikuwa anapita tu. Angeomba kipande kimoja, kwa utani, kama babu anayechokoza wajukuu, angelamba. Kikiwa kitamu, angeaga na kuondoka, na jambo lingeishia kwa Nyapara ambaye kwa siri ni kaburi. Vifurushi viwili vilikuwa salama. Kwa nini cha binti kisiwe?

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye meza zilizojaa ramani. Mlinzi alimfahamu, akampitisha. Fundi alisimama mlangoni, maji yanamtiririka kwenye koti, na mbele yake aliona ukungu wenye watu: rangi za nguo, mvuke wa birika, vicheko. Alisikia karatasi ikikunjuliwa. Alisikia mtu akisema, "Huu waya wa nini, tumeletewa umeme?" na watu wakacheka. Na sauti ya binti yake, yenye fahari ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani: "Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Ndivyo anavyofunga."

"Basi mimi wa kwanza," mtu alisema.

Nani? Yuko wapi? Mkono gani unakwenda kwenye mdomo gani? Fundi alitazama kwa nguvu zote alizokuwa nazo na hakuona mkono wala mdomo. Tabasamu alilolibeba njia nzima halikuwa na kazi tena.

"Msile!" alipiga kelele. "Mtu asile! Wekeni chini!"

Vicheko vikakatika.

"Baba?" Binti alikuwa ameshamfikia, amemshika mkono. "Baba, umelowa. Kuna nini?"

"Nimechanganya makopo. Lile la unga wa kuchomelea na la sukari. Cha Nyapara kilikuwa kibaya, nimekilamba mwenyewe." Aliendelea upesi, kabla hajabadili nia. "Sikuliona kopo, mama. Sioni. Tangu mwaka jana sioni. Rangi ya sukari siioni, gazeti silioni, wewe hapo nakujua kwa sauti."

Mahali fulani kijiko kiligonga kikombe. Binti aliuachia mkono wake, akaenda mezani, na Fundi akasikia ulimi wa mtu anayelamba. Alitaka kumzuia, lakini ulikuwa ni ulimi tu, na alikuwa ameshachelewa.

"Ni sukari," binti alisema.

"Lamba nyingine."

"Ni sukari, Baba."

"Lamba ya chini. Lamba zote."

Na mbele ya mkuu wake wa kazi, mbele ya mwenzao aliyekuwa anaagwa, mbele ya wapimaji na makarani, yule mwanamke mtu mzima alilamba tofi kumi na nne, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye sahani. Zote zilikuwa tamu. Karani mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama sasa wanaruhusiwa, mwingine akamjibu, "Zimeshakaguliwa na serikali," na kicheko kikarudi, cha uoga, kisha cha kweli. Fundi hakucheka. Kulikuwa na sehemu ndani yake iliyotamani zingekuwa na sabuni. Angalau angekuwa amewaokoa. Sasa alikuwa ametoa siri yake yote kwa sahani ya sukari.

Walitoka pamoja, mkuu alimruhusu binti aondoke mapema. Manyunyu yalikuwa yamekwisha, upepo umebaki. Walitembea mpaka kwenye kivuko, na hapo binti akasimama.

"Lile gari pale ni rangi gani?"

Kwa mwaka mzima angejibu jambo, jeupe, jeusi, lolote. "Sijui," alisema.

"Mtu anayekuja mbele yetu ni mwanamume au mwanamke?"

"Sijui kama kuna mtu."

Binti aligeuza uso, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kesho twende hospitali ya macho. Inawezekana ni mtoto wa jicho, wanatoa. Inawezekana siyo. Lakini ungeniambia, Baba. Ungeniambia mwaka jana tungeshajua."

"Ungeninyang'anya jiko."

"Ndiyo. Ningekunyang'anya."

"Na sasa?"

Alingoja magari yapite, akamvusha kwa kumshika kiwiko, na Fundi, ambaye hakuwahi kuvushwa na mtu tangu utotoni, akauacha mkono ushikwe. Walipofika upande wa pili ndipo alipojibu. "Na sasa nalichukua. Mpaka daktari aseme. Usinitazame hivyo."

"Sikutazami. Sioni."

Binti akacheka bila kupenda, kisha akaacha. Fundi alitia mikono mfukoni, akaitoa, akaikunja nyuma, akaileta mbele.

"Daktari anafungua saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili."

"Mimi naamka saa kumi na moja." Alitembea hatua kadhaa. "Hapo katikati nitafanya nini?"

Binti alimshika kiwiko kwa nguvu kidogo zaidi kwa sababu mwendo wa baba yake ulikuwa umeanza tena kuwa wa haraka, wa mtu anayekimbilia mahali, na mbele yao hapakuwa na mahali popote isipokuwa nyumbani.